Kamba ya Padre Korongo

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanahudhuria misa, Padre Korongo alirudi kutoka semina ya kilimo iliyoandaliwa na makanisa rafiki. Akawafundisha waumini kupanda mahindi kwa mistari, wakipima kwa kamba yenye mafundo, kisha kufunika udongo kwa nyasi kavu. Kila Jumamosi walifanya hivyo kwenye shamba la kanisa bila kukosea. Wakirudi kwao, walitupa mbegu ovyo kama kawaida.

Wakati wa mavuno, shamba la kanisa lilijaza ghala. Mashamba yao hayakujaza hata kibuyu.

"Mungu anajipendelea," alinung'unika Ngiri, mbishi wa parokia.

"Si nawe ungepanda kwa kamba?" Korongo akamuuliza.

"Padre, ile ni ibada. Mahindi yangu hayajabatizwa."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akatafakari. Msimu mpya ulipofika alitangaza kanisani: "Kuanzia leo kamba hii ni mali ya altare. Marufuku kuigusa." Kisha akasali sala ndefu, jicho moja wazi. Kabla ya amina, kamba ilikuwa imeshatoweka.

Wiki mbili baadaye mahindi yalichipua kwa mistari kijijini kote, hata kwa Nungunungu, ambaye hajawahi kunyoosha kitu maishani mwake. Ngiri akaja kuungama, machozi yakimtiririka.

"Padre, niliiba kamba, nikawaazima na majirani. Nyasi za kanisa nazo nimefunikia shamba langu."

Korongo alikunja uso asije akacheka. "Dhambi kubwa hiyo, mwanangu. Kitubio chako ni hiki: kesho uje uibe na samadi."