Ziwa la Bibi Wiebke

Daraja la mawe lilikuwa zima, halina hata ufa, na bado askari mia mbili walikuwa wanavuka kijito kwa miguu, maji kiunoni, buti zimening'inia shingoni.

"Wamerogwa hawa?" Bibi Wiebke Ohlendorf alimuuliza jirani yake, Harm.

"Mazoezi ya vita hayo. Huoni bendera ya njano na kibao? Kimeandikwa daraja limelipuliwa. Mwamuzi akishasimamisha bendera, basi. Hata jenerali hapiti juu yake."

Bibi Wiebke hakucheka. Kesho jeshi lingefika upande wake, na upande wake kulikuwa na kabichi elfu tatu, zimefunga vichwa vizuri, zimebakiza wiki moja zivunwe. Mwaka juzi walizikanyaga zote, yeye na wajukuu wake wanne wakala viazi vitupu mpaka Pasaka.

Waprussia, wenye jeshi hili, alikuwa hawapendi tangu siku walipoimeza nchi yake ya Hanover, mfalme akakimbia, kila kitu kikawa cha Berlin. "Jeshi letu lilikuwa dogo," alizoea kusema, "lakini lilijua kupita barabarani."

Akarudi nyumbani, akachana shuka la njano la marehemu mumewe, akabandua ubao wa banda la nguruwe, akatafuta rangi ya madirisha. Jua lilipochomoza, bendera ilikuwa inapepea pembeni mwa kabichi, na kibao chini yake: ZIWA. KINA MITA KUMI.

Saa tatu jeshi likaja, vumbi mpaka puani. Sajini akainua mkono, safu nzima ikasimama.

"Lakini sajini," askari mmoja akasema, "mbona mimi naona kabichi?"

"Wewe unaona kabichi, bendera inasema ziwa. Nani ana cheo, wewe au bendera?"

"Bendera, sajini."

"Haya, zunguka!"

Wakazunguka. Kikosi baada ya kikosi, watu wazima na ndevu zao, wakaambaa ukingoni wakichunga wasitumbukie. Mmoja aliteleza akakanyaga kabichi moja. Mwamuzi akatangaza kwamba amezama, na maiti huyo akakaa kivulini kutwa nzima anavuta kiko. Nyuma ya pazia Bibi Wiebke alicheka mpaka akashika mbavu.

Viazi vya Harm, ng'ambo ya njia, vilisagwasagwa vyote.

"Ziwa!" Harm alifoka. "Tangu lini wewe mwanamke una ziwa?"

"Tangu alfajiri, jirani."

Jioni luteni kijana akabisha hodi. Bibi Wiebke akafungua mlango nusu. Kughushi bendera ya jeshi ni jela, na wajukuu angemwachia nani? Lakini luteni akapiga saluti, uso umemchangamka.

"Bibi, ziwa lako limetuokoa! Adui ameshindwa kutuzunguka, ushindi ni wetu. Jenerali amefurahi, amelichora kwa mkono wake kwenye ramani kuu."

"Na mwakani?"

"Mwakani, mwaka utakaofuata, siku zote. Ramani ya jenerali nani ataifuta?"

Almanusura ambusu. Akamkatia soseji nene, akammiminia bia, akamwongezea. Furaha ilimjaa hadi akamwita mwanangu, Mprussia yule! Kabichi zake zimepona, na zitapona mpaka wajukuu nao wawe na wajukuu.

Luteni akafuta povu mdomoni, akatoa karatasi yenye muhuri.

"Nimeagizwa nikupe taarifa mapema, bibi, kwa heshima zote," akasema. "Kijito chenu hakina kina, hakiwafai wapanda farasi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi watakuja kufanya zoezi la kuogelea ziwani kwako. Ni farasi mia sita tu, kutoka ukingo huu hadi ule, kwenda na kurudi."