Kasha la Kuzuia Mvumo

Mzee alishuka ngazi na bisibisi mkononi, uso ameukunja kama mtu anayekwenda kugombana. Akabisha mlango wa chini.

"Hodi, mama. Samahani, ni mimi tena."

Mlango ukafunguka kiasi cha uso kupita. Mshonaji alikuwa na futi ya kitambaa shingoni na kikofia cha chuma cha kushonea bado kidoleni.

"Inavuma tena?"

"Inavuma vibaya sana. Hiyo cherehani yako inanipandia mpaka kwenye spika."

"Jamani! Pole, jirani. Ngoja nizime."

Akaingia, akarudi upesi, akaegemea fremu ya mlango. Wakazungumza kidogo: maji yaliyokatika tangu asubuhi, magoti yake yeye mshonaji, na umeme wa siku hizi ambao, alisema, hata kuwasha taa ni anasa. Mzee akacheka. Kisha akakumbuka kwamba amekuja kulalamika, akaaga na kupanda.

Alikuwa mpiga chapa mstaafu, na majirani walimwita Mzee Mabati kwa jinsi alivyopenda kuchezea vipande vya bati. Tangu mkewe afariki na binti yake aolewe mbali, jioni zake zilikuwa ndefu mno, kwa hiyo alijitafutia kazi. Alijiundia kigeuzi cha sauti, kidude cha kuchukua muziki uliohifadhiwa kwenye kompyuta na kuugeuza uwe sauti ya kutoka kwenye spika. Kidude kilipiga. Ila chini ya kila wimbo kulikuwa na mvumo, mmmm, kama mgeni aliyekataa kuaga.

Ndipo akaanza kuhangaika na kasha la kuuzuia. Alikata bamba la alumini, akalikunja kwenye ukingo wa meza ya chakula, meza ambayo sasa ilikuwa na mlaji mmoja tu. Alikwangua rangi kwenye maungio ili chuma kiguse chuma. Matundu ya hewa aliyaziba kwa wavu wa shaba, akaunga waya wa ardhini, akapanga kila kitu humo ndani, bodi ya saketi na transfoma yake ya kupunguza nguvu ya umeme, akafunika. Kasha lilipendeza. Mvumo haukutikisika.

Jioni moja, akiwa amekata tamaa, alisikia kupitia sakafuni: tak-tak-tak. Cherehani! Mota za cherehani huchafua umeme wa nyumba nzima, fundi gani asiyejua hilo? Akashuka. Na aliporudi juu, mvumo ulikuwa umepungua. Au aliona umepungua.

Tangu hapo akawa anashuka kila jioni.

"Baba," binti yake alimwambia kwenye simu, "si usikilize muziki asubuhi, kabla huyo mama hajaanza kushona?"

"Asubuhi sina hamu ya muziki."

"Basi hamia chumba cha nyuma."

"Wewe hujui mambo ya umeme."

Binti akauliza kama amekula. Alikuwa amekula, amesimama, sufuriani.

Kisha mshonaji akasafiri kwenda kumwona dada yake. Chini kukawa kimya, na mzee akawasha muziki wake kwa raha zote. Mvumo ukamkaribisha, mmmm, vilevile.

Alifungua kasha akalitazama muda mrefu. Mezani palikuwa na kipande cha chuma alichokikata kwenye mkebe wa biskuti. Akakichomeka katikati ya transfoma na bodi, kujaribu tu. Mvumo ukafa. Akakichomoa, ukarudi. Akakirudisha, ukafa tena. Ni transfoma yake mwenyewe. Alumini yake nzuri ilizuia uchafu wa nje, na adui alikuwa amefungiwa humohumo ndani tangu siku ya kwanza.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Jioni zote zile amemkatisha mwanamke wa watu kazi inayomlisha, bure!

Aibu ilipopoa, ikaja hofu. Akikiacha kile kipande mahali pake, atashuka kufanya nini? Mtu hawezi kubisha mlango wa mwenzake kwa sababu tu nyumba yake ni kimya. Yeye hasa hakuweza, hakuzaliwa na ulimi huo. Angeweza kukitupa kipande jalalani na hakuna ambaye angejua. Alikishika, akakizungusha vidoleni, akafika nacho mpaka kwenye ndoo ya taka.

Akarudi, akakifunga kwa skrubu.

Mshonaji aliporejea na tak-tak-tak kuanza tena, mzee alishuka bila bisibisi. Alibisha polepole.

"Inavuma?" mshonaji akauliza, tayari amegeuka nusu. "Ngoja nizime."

"Usizime, mama. Nimekuja kuomba radhi." Maneno yalimtoka kwa shida, huku akitazama kizingiti. "Haikuwa cherehani yako. Kosa lilikuwa langu, ndani ya kasha langu. Nimelitengeneza, limekwisha. Nimekusumbua sana, unisamehe. Kuanzia leo shona unavyotaka, sitakugongea tena."

Alitegemea kusemwa, na alistahili. Lakini mshonaji aliichezea tu ile futi ya shingoni.

"Limekwisha kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa hiyo kesho hushuki."

Mshonaji akashusha pumzi, kisha, kwa mara ya kwanza tangu wawe majirani, akaufungua mlango wote na kusogea pembeni.

Katikati ya chumba, chini ya taa, ilisimama cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, isiyo na mota, isiyo na swichi, isiyo na waya hata mmoja.