Riwaya ya Mwanaidi

Raya alikaa ndani miezi minne na siku kumi kumlilia Mwanaidi wake, na hakuna aliyeiita eda. Siku aliyotoka alikwenda moja kwa moja duka la vitabu. Alifuata riwaya ya wanawake wawili waliopendana hadi wakazeeka pamoja. Mwanaidi aliiagiza kabla haijachapwa, na kila Ijumaa, mpaka anakufa, alikuwa akiiulizia.

"Imefika," Ami Badi mwenye duka alimjibu Raya alipoiulizia, mkononi kashika furushi la karatasi lenye jina la Mwanaidi. "Ila mali ya marehemu hupewa watu wake. Wewe, bibie, ni nani wake?"

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua madaftari waligeuka kumtazama.

"Jirani," alisema Raya.

"Jirani mwema ni ndugu," mmoja alicheka, "lakini harithi."

"Basi nitampa kaka yake," alisema Ami Badi, "ingawa yule hata gazeti hasomi."

Akairudisha riwaya rafuni, jina la Mwanaidi likitazama nje. Raya alisimama akilisoma, mpaka yule mwanamke aliyecheka akamwomba apishe.