Sindano ya Kyungu

Constance alipakua bukari kwenye sahani mbili, donge hili la ugali sawa na lile, majani ya sombe kwa kipimo kimoja. Kidole chake kiligusa sufuria ya moto. Kilibaki pale pale mpaka dada yake Mwila alipomvuta mkono.

"Unajichoma, weye!"

"Aa," Constance alisema, akakiangalia kidole kama cha mtu mwingine.

Nje, uwanja ulikuwa umejaa. Hapa Ruashi, ngoma ikilia kwa jirani, hakuna anayebaki kwake. Wanawake waliojipaka chokaa nyeupe usoni walikuwa wanacheza na kuimba nyimbo za mapasa, za watoto pacha, zile za matusi ambazo siku nyingine zingewapeleka kwa padri kuungama. Wanaume walikuwa kwenye robine ya maji, wanaosha sepetu zenye udongo mwekundu.

Gari la watu wa utafiti lilisimama mlangoni. Paulin, muuguzi, alishuka na kisanduku chake cha baridi.

"Ah, Mama Mapasa! Leo kwako kuko fête! Na hizi sepetu zote? Munajenga?"

"Tunajenga," mjomba mmoja alijibu bila kuinua kichwa.

Paulin alikuwa mtu wa Kipushi, mcheshi, na nyumba hii alishaizoea. Mapasa wa Constance walifanana mpaka damu: Kyungu na Kabange, wote wawili SS, chembe zao za damu zikijikunja kama mundu na kuziba mishipa, mifupa ikiwauma mpaka wanang'ata shuka. Bila bangili ya utafiti, Paulin hakuwahi kujua yupi ni yupi. Dawa mpya ya majaribio ilipofika, sheria ilikuwa mtoto mmoja kwa kila nyumba. Constance aliwaambia madaktari kwamba mapasa hawatengwi, ukimpa huyu shati, mpe na mwenzake. Walimsikiliza kwa heshima. Wakapiga kura ya bahati, wakamwandika Kyungu.

"Kyungu iko wapi? Tufanye mbio, mama. Hii dawa ikishatoka mu baridi, ni ya leo tu. Mutoto akikosekana, tunaimwanga."

"Iko ndani. Kuya, doctere."

Mtoto alikuwa amekaa kitandani, shati jipya. Paulin alimshika mkono, akasoma namba kwenye bangili ya plastiki. Ilikuwa imeunganishwa kwa uzi mweusi.

"Ilikatika?"

"Anacheza sana," Constance alisema.

"Na Kabange?"

"Alienda kutafuta kuni. Lukafu."

"Kuni, mpaka Lukafu? Makala ya kupikia imeisha Ruashi?"

Mwila alicheka sana, kupita kiasi cha utani wenyewe. Constance hakucheka.

Paulin alifungua kisanduku, akatoa kichupa, akakigeuza polepole mkononi. "Unaona, Kyungu? Humu kuko matone ya mafuta, madogo kupita vumbi. Kila moja inabeba maagizo ya kutengeneza damu muzuri. Na juu yake kuko alama, inaitambulisha mulango ya kuingia: kule mu mifupa, fasi damu inazaliwa. Haikosee nyumba."

"Inaumiza?" mtoto aliuliza.

"Weye tena? Ile ya kwanza ulicheka mpaka nikacheka!"

Mtoto alimtazama mama yake. Mama yake alitazama ukuta.

Sindano ikaingia. Dawa ikashuka taratibu, na kwa muda wote huo ngoma ya nje haikupumzika.

"Na maumivu?" Paulin aliuliza. "Ilirudi tangu ile siku?"

"Juma hii ilimushika na nguvu," Constance alisema. "Sasa haumie tena."

"Munaona! Kumbe ndiyo sababu munacheza!"

Alikusanya vitu vyake. Bukari alikataa, kinywaji cha munkoyo akakubali, akanywa kikombe kizima amesimama. Uwanjani alicheza hatua mbili tatu mpaka wanawake wakampigia vigelegele, na chokaa ya mmoja wao ikabaki kwenye shavu lake. Aliingia garini nayo hivyo hivyo, anacheka, akawapungia mkono wote.

Alipofunga mlango, Dorine, jirani, alishindwa kujizuia. Alijifunika uso kwa kitenge, akalia. Mwila alimrukia.

"Pangusa machozi! Ku kilio ya mapasa hatulie; mapasa hafe, anaenda kuni tu. Ukilia, unaita na wa pili!"

Ndani, Constance aliweka zile sahani mbili kitandani, moja mbele ya mtoto, moja mahali patupu kando yake. Mtoto hakugusa chakula. Alikuwa anasikiliza injini ikiwaka, anauvuta ule uzi mweusi mkononi.

"Mama, mutaniita tena Kabange?"

"Ngoja mutuka ikate kona."