Mjusi Aliyepewa Jina la Lugendo

Siku Profesa Lugendo alipokuwa akiagwa chuoni baada ya kustaafu, Hidaya alisimama mbele ya wageni akiwa na chupa ya spiriti mkononi. Ndani yake alijikunja mjusi mwembamba asiye na miguu, anayefanana kabisa na nyungunyungu. Hidaya ndiye aliyemchimbua na kuthibitisha kwamba ni spishi mpya.

"Nimempa jina la mwalimu wangu," alisema, na wageni wakapiga makofi.

Lugendo alitabasamu. Zamani, Hidaya akiwa mwanafunzi wake, aligundua spishi mpya ya chura, na Lugendo akaitangaza kuwa ugunduzi wake mwenyewe. Hidaya alipolalamika, aliambiwa ashukuru kwa kufundishwa. Hakusahau. Sasa alianza kusoma maelezo ya mjusi polepole, akionja kila neno.

"Macho yake yamefunikwa na ngozi. Huishi gizani. Huingia katika nyumba zilizojengwa na mchwa, na kuwala watoto wao humo humo."

Waliomjua profesa wakatazamana. Mmoja alikohoa ili kuficha kicheko. Lugendo hakuacha kutabasamu.

Mkewe, Bi Tausi, aliinuka akaipokea chupa.

"Anauma huyu, mwanangu?"

"Anauma, mama. Taya zake zina nguvu sana."

Bi Tausi alimtazama Hidaya, kisha akaiweka chupa mapajani mwa mumewe.

"Mshike vizuri, mume wangu," alisema.

Lugendo akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza ili kibandiko chenye jina lake kisionekane.