Kidonge Kilichokwanguliwa Jina

Wallahi haya ni kweli tupu. Ukibisha, nenda Korogwe ukaulize. Siku hizi zahanati huyasoma mate yako kwanza, kisha hukutengenezea vidonge vyenye jina lako, na kumpa mwenzako kidonge chako ni kosa.

Mzee Mbaruku alilijua hilo. Lakini mkewe, Bi Mwanahija, alikuwa akiugulia jino, foleni ya zahanati ilikuwa ndefu, na bao lilikuwa limemnogea mzee. Akachukua vidonge vyake viwili vya maumivu, akayakwangua majina kwa kisu, akampelekea.

“Wamekutengenezea sasa hivi, bado vya moto.”

Bi Mwanahija akacheka, akameza kimoja. Adhuhuri aliitwa kula, hakuamka.

Muuguzi Nasiche alipofika, alikiokota kile cha pili, akakigeuza mwangani. “Babu, hii MBA iliyosalia ni ya jina la nani?”

“Labda mashine imekosea, mjukuu wangu.”

“Mashine haishiki kisu. Mwili wako ni mzito kwa dawa hii, ndiyo maana vidonge vyako ni vikali. Mwili wa bibi una pupa, umeifyonza yote kwa mpigo.” Akamchoma Bi Mwanahija sindano. “Sasa lipa. Keti hapa uhesabu pumzi zake. Zikiwa chini ya kumi kwa dakika, niite.”

Mzee Mbaruku, aliyetia chumvi katika kila hesabu ya maisha yake, akahesabu bila kuongeza hata moja. Alipofika tisa, kifua cha mkewe kilitulia. Dakika ilikuwa bado haijaisha; akasubiri ya kumi.