Valvu ya Jumamosi

Mdogo mtu alikuwa amezamisha mkono kwenye injini mpaka kwapani, anapapasa, na bado hajapata kitu.

"Dada, shika tochi vizuri! Unanimulika usoni, kwani mimi ndiyo valvu?"

Wiki ile kwenye chuo cha ufundi walikuwa wamefundishwa valvu ya EGR, ile inayochukua moshi kidogo wa ekzosi na kuurudisha kwenye injini ukaungue tena. Ikijaa masizi inaganda wazi, na gari ikisimama inatetemeka kama ina homa, mara inazima. Akakumbuka: si ndiyo ugonjwa wa gari ya shemeji? Miezi mitano sasa, kila Jumamosi, shemeji anatoka asubuhi kwenda gereji na kurudi jioni. "Valvu imenisumbua tena, mke wangu." Basi Jumatano hii shemeji kaenda kazini na basi la ofisi, gari imebaki nyumbani, na yeye huyoo, mbio kuja kujifunzia.

Alianzia kwenye bomba la ekzosi, akatafuta kwa kidole lile bomba dogo linalotakiwa kutoka pale kwenda upande wa hewa. Hakuna. Akachungulia nyuma ya injini. Akasoma mchoro uliobandikwa ndani ya boneti, mstari kwa mstari. Akawasha gari. Injini ikatulia tuli. Ungeweza kuweka glasi ya maji juu yake isimwagike.

Akazima. Akajifuta mikono polepole, na yeye si mtu wa kufanya kitu polepole.

"Dada. Gari hii haina hiyo valvu."

"Ameitoa?"

"Haijawahi kuwa nayo. Injini ya zamani hii, haikuwekewa kabisa."

Dada mtu akakaa chini pale pale kwenye sakafu.

"Miezi mitano! Na mimi nilivyo mjinga, namfungia na chakula, eti asishinde na njaa gereji! Na jioni lazima apige simu: 'Mke wangu, nabakiza nusu saa nifike.' Nikawa najisifu nina mume mwenye adabu. Kumbe anatafuta muda wa kujipangusa manukato ya watu!"

"Shemeji? Mpole vile?"

"Huo upole ndio ulionimaliza."

"Basi Jumamosi tumfuate. Tunajibanza mahali, tunamfumania peupe!"

"Jumamosi siwezi."

"Kwa nini?"

"Nina shughuli zangu. Twende huko gereji sasa hivi. Nataka nisikie kwa masikio yangu kwamba hawamjui. Nikishasikia, leo leo haingii humu ndani."

Kabla ya kutoka akavuta begi kubwa, akashindilia mashati, suruali, soksi, hata mswaki, akaliburuta mpaka mlangoni. Miaka kumi ya ndoa ikaenea kwenye begi moja, na zipu ikafunga.

Gereji ilikuwa banda la bati linalonuka oili. Fundi mwenyewe, mtu mzima mwenye kalamu sikioni, alikuwa anafungua tairi.

"Mimi ni dada yake," dada mtu akadanganya, akataja jina la mume wake. Mafundi wanalindana na wateja wao. Ungesema wewe ni mke, angesahau hata jina lake mwenyewe.

"Yule wa Jumamosi? Namjua sana!"

Hilo hakulitegemea. "Anakuja kwa ajili ya valvu?"

Fundi akacheka mpaka kalamu ikadondoka. "Valvu gani, dada yangu? Gari yake nzima kuliko yangu! Anakaa pale kwenye kiti kibovu, anasoma gazeti la juzi, saa nyingine ananishikia spana. Kutwa nzima."

"Na huyo mwanamke anamfuata hapa hapa?"

"Mwanamke? Hapa haji mwanamke, labda mke wangu akileta chai."

Mdogo mtu akamfinya dada yake kiunoni. "Unaona! Si nilisema shemeji mpole vile?"

Dada mtu hakutikisika. "Sasa kama gari ni nzima, kwa nini harudi nyumbani kwake?"

Fundi akaacha kucheka. Akaweka spana chini, akasogea karibu.

"Afadhali umeuliza wewe, maana ni damu yako, mkamsaidie. Siku moja nilimwambia, kaka, nenda kwako ukapumzike. Akaangalia saa. Akaniambia, 'Saa hizi yule jamaa bado yuko chumbani kwangu. Nikimkuta itanibidi nimwache mke wangu, na mimi siwezi kumwacha.'"